Miaka Yangu ya Kuomba Njia ya Waya

Siku niliyoagwa kazini, mkubwa wa ofisi alisimama na karatasi yake akasema kwamba nilikuwa afisa wa mahusiano na jamii. Niligeuka nyuma kuona ni nani huyo anayesifiwa. Mimi kazi yangu ilikuwa kuomba njia. Waya wa intaneti haupai kama kunguru. Unapita chini ya ardhi, na ardhi ya Kampala yote ina mwenyewe, hata ile inayonuka. Kabla sululu haijagusa udongo, lazima mtu aende kwa huyo mwenyewe, abishe hodi, asalimie, akae, aombe. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nyinyi vijana mnaobaki mmeniomba niwaandikie nilivyokuwa nafanya, maana mnasema mkienda wenyewe mnafunguliwa mbwa. Haya, someni.

Jina langu Rehema. Baganda wengi wananiita Jjajja Lehema, yaani Bibi Lehema, na nimeacha kuwasahihisha, mwitaji akija na sahani ya matooke, ndizi zetu za kupika, sitazami herufi. Wazee wa wazee wetu walitoka pwani na biashara zao, wakauza, wakaoa, wakasahau kurudi. Nimezaliwa Kisugu na nimezeekea Kisugu. Shule niliiacha darasa la tatu. Kurani nilihitimu. Kiswahili ni cha nyumbani, Luganda ni ya jirani, na Kiingereza nakisikia kikinisema, kukijibu ndiyo shida.

Siku ya kwanza sikwenda kutafuta kazi. Nilikwenda kuuza mihogo ya kukaanga mtaa wa Kabalagala, kando ya mtaro ambao watu walikuwa wakiuchimba mbele ya mabaa. Wachimbaji wana njaa kuliko kiumbe chochote, kwa hiyo nilikuwa nawafuata popote walipo na karai langu. Msimamizi wao alikuwa Mkenya wa Bungoma, Barasa, mtu mfupi mwenye mikono kama makoleo. Siku hiyo alikuwa amekwama mbele ya geti la mama mmoja mwenye baa. Kila akigonga na kusema Kiswahili chake kizuri, mama anazidisha kufuli.

Barasa hakujua jambo ambalo kila mtoto wa Kampala analijua. Hapa kwetu, kwa watu wa umri ule, Kiswahili kikibisha mlango kinakuja na buti. Ni lugha waliyoisikia kwa askari wakati wa mambo mabaya. Yule mama alidhani wamekuja kumfukuza kwake. Niliweka karai chini, nikaenda kwenye geti, nikapiga magoti pale kwenye vumbi kama wanavyosalimia wanawake wa Kiganda, nikamsalimia kwa Luganda, nikamuuliza habari za nyumbani, za biashara, za mguu uliokuwa ukimuuma. Mwishoni kabisa nikamwambia kuna watu wanataka kupitisha bomba mbele ya geti na watalifukia kabla wateja wa jioni hawajafika. Akafungua. Akanunua na mihogo.

Shehe wa mtaani aliwahi kuniuliza kuhusu yale magoti. Nikamwambia magoti ya salamu si magoti ya sala, na Mungu anajua tofauti. Hakuuliza tena.

Barasa aliniambia, "Mama Rehema, mihogo utauza kesho. Leo njoo unisemee." Kesho hiyo haijafika mpaka leo.

Huyo ndiye mwalimu wangu. Jambo la kwanza alilonifanyia ni kunipa sululu. Alisema huwezi kumwombea mtu shimo usilolijua. Nikachimba siku nzima, na kiuno changu hakijamsamehe. Nikajifunza kwamba mtaro mzuri unafika kiunoni mwa mtu mzima, chini unalazwa mchanga safi usio na mawe, juu yake bomba, juu ya bomba mchanga tena, halafu udongo kidogo, halafu utepe wa manjano wa kumwonya mpumbavu atakayechimba baadaye, halafu udongo uliobaki, unashindiliwa. Waya unaopita ndani ya bomba hauna shaba. Ni kioo, nyuzi nyembamba kama nywele za mtoto mchanga, na kinachokimbia ndani ni mwanga. Alinipa uzi mmoja akaniambia niukunje. Ukakatika pu. Akacheka. "Sasa unajua kwa nini hatupigi kona kali," alisema. Toka siku hiyo, mwenye nyumba akiniambia zungushia huko nyuma ya choo, nilijua kumjibu.

Barasa alikuwa na sheria moja asiyoivunja kwa mfalme wala kwa mkewe: hakuna mti juu ya bomba. Mizizi inabana bomba, na anayekuja kung'oa mti anang'oa na waya. Ishikeni hiyo, nitairudia hapa chini.

Sasa kuomba kwenyewe. Usiende na kofia ngumu kichwani. Kofia ile inasema nimekwisha amua. Usiende asubuhi kabla uwanja haujafagiwa, utakuwa umemkuta mwenye nyumba uchi hata kama amevaa. Usianze na karatasi, karatasi katika mji huu zimekula viwanja vya watu wengi. Ukipewa chakula, kula. Usiahidi usilo nalo. Vijana wa ofisini walikuwa wanamwahidi kila mtu intaneti ya bure, halafu wananituma mimi kwenda kutukanwa. Na kubwa kuliko yote: shimo likishafukiwa, rudi. Rudi usalimie, uulize kama udongo umedidimia. Mtu anayerudi wakati hana shida ya kuomba, siku nyingine akiomba hapewi njia tu, anapewa na kivuli cha kukalia.

Mtaa wa Kamwokya nilipita uani kwa watu mpaka nikawa najua nani anadaiwa nini na nani anapika nini. Tulipeleka waya kwenye ukumbi wa mtaa, na vijana wa muziki ambao zamani walikuwa wanabeba nyimbo zao kwa miguu wakaanza kuzituma wakiwa wamekaa, ndiyo maana sasa wana vitambi. Mama mmoja muuza nyanya aliletwa pale amwone binti yake aliyekwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani. Alikuwa hajamwona kwa muda mrefu mno. Uso wa binti ulipotokea kwenye kioo, mama hakulia. Alimgombeza kwa kukonda. Akamgombeza mpaka binti akacheka, ndipo sisi wengine tukalia. Nilikwenda nyumbani jioni ile nikitembea katikati ya barabara kama mke wa waziri.

Wajukuu zangu wanawaambia wenzao shuleni kwamba bibi yao ndiye aliyeleta intaneti Kampala. Sioni sababu ya kuwaharibia masomo.

Lakini kesi ngumu kuliko zote ilikuwa mtaani kwangu mwenyewe, na hiyo ndiyo ninayotaka muijue vizuri.

Kule chini Kisugu kuna kituo kidogo cha afya. Mkunga wake alikuwa Musawo Apio, musawo ndivyo tunavyomwita mtu wa tiba, mtu wa kaskazini, mrefu, maneno machache. Wafadhili walikuwa wamemletea mashine ya skani, ya kutazama mtoto tumboni. Kupiga picha Apio aliweza. Kuisoma picha ngumu kulitaka daktari, na daktari yuko hospitali kubwa upande wa pili wa mji. Picha ilitakiwa imfikie kwa mtandao. Walijaribu kwa simu. Kichwa cha mtoto kinafika leo, miguu inafika kesho, mama ameshakwenda zake. Basi mashine ikakaa imefunikwa kitambaa cha kufuma, kama televisheni ya sebuleni kwa mtu asiye na umeme.

Wafadhili wakasema watakuja kukagua. Wakikuta waya haujafika na kuwaka, wataihamishia mashine kwenye kituo kingine chenye waya. Walisema kwa adabu sana.

Apio alinipeleka chumba cha kuzalishia akanionyesha kitanda. "Mama mmoja mjamzito alinifia hapa, Bi Rehema," alisema. "Kondo la nyuma lilikaa mlangoni, mbele ya mtoto. Uchungu ulipoanza ikawa damu tu. Mkono haulioni jambo hilo. Mashine inaliona. Wakiiondoa narudi kupapasa."

Sikuwa nimepata kuombwa njia na mtu anayenitazama vile. Siku zote mimi ndiye niliyekuwa naomba.

Kutoka barabara ya lami mpaka kituoni kulikuwa na njia moja tu ya kupitisha bomba. Upande mmoja ni mfereji wa maji ya mvua, ukifurika unabeba hata mbuzi. Upande wa pili ni nyumba zilizobanana. Katikati ni mpaka wa viwanja viwili. Huku Mzee Kiwanuka, askari mstaafu, mjane, anayeamka alfajiri kupiga buti zake rangi ingawa haendi popote. Huku Nnalongo, yaani mama wa mapacha, muuza matooke, mnene, mcheshi, na ulimi wake unakata bila kunolewa. Baba zao ndio waliogawana ardhi ile, na mpaka waliuweka kama Baganda wote wanavyouweka, kwa kupanda luwaanyi. Ni mmea wenye majani marefu ya kijani kama ya mahindi, shina lake halifi hata ukilitupa juani. Unapandwa mbele ya mashahidi, watu wanakula, wanakunywa, na hapo umekuwa ukuta. Hakuna anayeugusa. Mwenye kung'oa luwaanyi ya mpaka ni mwizi wa ardhi, na mwizi wa ardhi hata maziko yake watu wanachelewa.

Niliwaomba wote wawili kwa muda mrefu. Nilikunywa chai kwa Kiwanuka mpaka nikajua majina ya marafiki zake wote waliokufa vitani. Kwa Nnalongo nilimenya matooke. Tukakubaliana: mtaro upite kando ya luwaanyi, upande wa Nnalongo, bila kuzigusa, na Kiwanuka ataruhusu mikokoteni ya mchanga ipite kwake. Nikarudi nyumbani nikijisifu.

Kazi ilianza Ijumaa. Barasa alikwenda kuchukua mchanga, mimi nilikwenda msikitini. Genge lilikuwa jipya, vijana wa mpakani Busia, na nyapara wao aliitwa Simiyu, kijana mwenye bidii, na bidii ndiyo iliyotuponza. Walipoanza upande wa Nnalongo walikuta mwamba. Simiyu akaona hapo kando udongo ni laini, umeshikwa na mimea tu. Kwao hakuna mtu anayepanda mpaka kwa maua.

Niliporudi nilikuta mtaro umenyooka, msafi kama sahani iliyorambwa. Luwaanyi hakuna hata moja.

"Simiyu baba, mimea iko wapi?"

"Tumetoa maua tu, Bibi. Tumekufanyia usafi."

"Yale si maua. Ile ndiyo hati ya kiwanja."

Alicheka. Halafu akamwona Kiwanuka anatoka mlangoni na kiti cha mbao, akaacha kucheka.

Kiwanuka alitupita sote. Alishuka mtaroni na kiti chake, akakiweka katikati, akakaa, buti zake zinang'aa ndani ya udongo mwekundu. Alizungumza Kiswahili chake cha kambini, kile kile kilichomfungia Barasa mageti. "Mpaka yangu nani ameondoa? Sasa mimi iko hapa. Mpaka ikirudi, mimi naondoka. Bomba hapiti."

Nnalongo alitoka jikoni na kisu cha kumenyea mkononi, akaona hali ilivyo, akarudi ndani. Nilidhani amekwenda kulia. Alikuwa amekwenda kuchukua mkeka. Akateremka na yeye, akakaa upande wa chini, mgongo wake umegeukia mgongo wa Kiwanuka, akaendelea kumenya matooke. Alisema kama jirani amelala mtaroni ili usiku adai mtaro wote ni wake, basi na yeye analala.

Hivyo ndivyo nilivyowaacha, wazee wawili ndani ya shimo, wakitazama pande mbili za dunia. Kulala hawakulala, usiku watoto wao waliwashawishi waingie ndani, ila kila kulipokucha wakashuka tena.

Mwenyekiti wa mtaa alikuja na futi yake ya kupimia. Hati ya Kiwanuka inasema mpaka ni luwaanyi. Hati ya Nnalongo inasema mpaka ni luwaanyi. Mwenyekiti akakunja futi yake akasema waende mahakamani, akapanda bodaboda. Mahakama ya ardhi ya mji huu, kesi inaingia ikiwa na meno ya maziwa inatoka na mvi.

Nikatafuta ile mimea. Simiyu, kwa kuona aibu kupoteza mashina mazuri yaliyonyooka, alikuwa amewapa wenzake wa Kabalagala wayachomeke kando ya mtaro wa kule, wafungie utepe wa kuzuia watu. Nilipofika nikakuta mwenye baa moja amevua shati anapigana na hewa. Alikuwa ameamka akakuta luwaanyi zimesimama mstari mmoja mbele ya mlango wake, akadhani ndugu zake wamekuja kugawana urithi. Ilinichukua muda kumweleza. Nikazing'oa, nikazifunga mzigo, nikarudi nazo Kisugu juu ya boda kama mtu anayehamisha msitu.

Zilikuwa zimeanza kuchipua. Lakini nizipande wapi? Mtaro ulikuwa na upana wake. Kiwanuka alisema mpaka ulikuwa ukingo ule wa kwa Nnalongo. Nnalongo alisema ulikuwa ukingo ule wa kwa Kiwanuka. Na kila jioni Apio alikuwa anakuja na sare yake nyeupe, anasimama juu ya mtaro, anawasalimia wazee kwa heshima, anatazama lile bomba jeusi lililojikunja nyasini, anarudi kazini. Hakumlaumu mtu. Kunyamaza kwake ndiko kulikonitoa jasho. Ukaguzi ulikuwa wiki iliyofuata.

Siku moja baada ya alasiri nilibeba birika na vikombe, nikateremka mtaroni mwenyewe, nikakaa katikati yao juu ya udongo. Sikuomba kitu. Nikamimina chai. Nikamuuliza Kiwanuka hasa anaogopa nini, futi moja ya ardhi haitoshi hata kuzikia paka.

Alikunywa chai yake nusu kikombe. Halafu akasema kwa Luganda, na siku zote alipoacha Kiswahili cha jeshi alikuwa mtu mwingine, kwamba ana watoto wa kiume kwa mama tofauti, na yeye si mzima. Siku akifa, pale pasipo na alama ndipo watakapoanzia kupigana. Leo futi, kesho chumba, keshokutwa kaburi.

Nnalongo alikuwa ameacha kumenya. Akasema bila kugeuka, "Unadhani mapacha wangu ni malaika?"

Mimi sina elimu ya kupamba neno. Niliwaambia hivi: "Mtakufa nyote wawili. Na mimi nitakufa. Luwaanyi hata ikirudi, mtoto mwenye tamaa ataihamisha siku moja na asubuhi hakuna ushahidi. Lakini hili bomba likilala hapa katikati, nani atalihamisha? Akiligusa, mwanga unakatika, mashine za ofisi zinapiga kelele, watu wanakuja na pikipiki wanauliza nani ameshika. Kituo chote cha afya kitajua. Muupande mpaka wenu kwa kitu kisichong'oleka."

Kiwanuka akageuza kiti. Nilimsikia akikivuta kwenye udongo. Akauliza, "Na watu wataona nini juu? Bomba iko chini. Mpaka lazima ionekane."

Hapo ndipo niliposema luwaanyi zirudi juu ya bomba lenyewe, mstari mmoja. Nikasikia mtu anakohoa. Barasa alikuwa amesimama ukingoni, amesikia yote.

"Hakuna mti juu ya bomba, Mama Rehema," alisema.

"Najua. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Sasa?"

"Sasa niambie bomba lisilo na mti litafikaje kwa Musawo Apio."

Alizunguka mtaro mzima akiwa ameweka mikono kiunoni. Akashika shina moja la luwaanyi, akatazama mizizi yake, akaipima kwa vidole. Ni mizizi mifupi, ya juu juu. Akarudi akasema bomba litazikwa chini zaidi ya kawaida, juu yake zitalazwa vigae vya zege, ndipo utepe, ndipo udongo, ndipo hayo maua yenu. "Nimezika nyaya maisha yangu yote bila kuweka maua," alisema. "Haya, leo waya huu tuufanyie na maziko ya Kiganda."

Simiyu na vijana wake walichimba ile nyongeza bila kuambiwa mara mbili. Tulilaza bomba mbele ya mashahidi, kama desturi inavyotaka. Mwenyekiti alirudi aliposikia kuna chakula. Kiwanuka alishika bomba upande wake, Nnalongo upande wake, wakaliteremsha pamoja taratibu kama watu wanaomlaza mgonjwa, na watoto wao wa kiume wamesimamishwa pembeni watazame, waone, wasije kusema hawakuona. Luwaanyi zikapandwa. Nnalongo alipika matooke na karanga kwa genge zima, akampa Simiyu sahani ya mwisho, akamwambia ale vizuri, mtu asiyejua maua anahitaji nguvu.

Mafundi wa nyuzi walikuja siku iliyofuata, wakakaa chini ya mwavuli wao na ile mashine yao ya kuunganishia, ambayo mtu akipita karibu anakatazwa hata kupumua. Siku ya wakaguzi waya ulikuwa unawaka. Nilifika mapema na buibui langu jipya. Kiwanuka na Nnalongo walikuwa wameshafika, wamekaa kwenye benchi la nje karibu na mlango. Walisema wamekuja kuona mpaka wao umeleta nini.

Apio alikunja kile kitambaa cha kufuma akakiweka dirishani. Mama wa kwanza kulala pale alikuwa muuza chapati wa Kabalagala, mimba kubwa, uso umejaa jasho. Mlango uliachwa wazi kwa sababu ya joto. Picha ilipita yote, kichwa na miguu kwa mpigo mmoja, na daktari wa upande wa pili wa mji akatokea kwenye kioo kama yuko chumba cha jirani. Alimwambia Apio asogeze mkono kushoto, chini kidogo, asimame hapo.

"Kondo limeziba mlango," daktari alisema. "Musawo, huyu asizalie hapo. Aje leo. Namwandalia kitanda sasa hivi."

Nilimtazama Apio. Hakulia, si mtu wa kulia. Alimfunika mama kanga tumboni, akamshika mkono, akamweleza polepole kwamba mtoto ni mzima, atatolewa kwa upasuaji na wote wawili watapona. Na kweli, mtoto yule nimembeba. Ni wa kike, mzito, mama yake bado ana chapati zake na akiniona hanitozi.

Nje, Kiwanuka alikuwa ameinama mbele. "Hiyo picha," aliniuliza, "imepita kwangu?"

"Imepita kwangu," Nnalongo alisema.

"Mama, nauliza mtu wa kazi. Wewe uza matooke."

"Na wewe piga buti rangi. Bomba limelala upande wangu kidogo, hata kipofu anaona."

"Kidogo namna gani?"

Wakaguzi waliokuwa wanaandika wakaacha kuandika. Sauti zilikuwa zinapanda, wamesimama wote wawili mbele ya mlango, kidole kwa kidole, na mimi nikawa natafuta maneno ya kuwasihi, kama nilivyowatafutia watu maneno miaka yote.

Apio akatokea mlangoni amemshika muuza chapati begani, gari la wagonjwa linangoja. Kiwanuka aliona tumbo lile akashusha kidole. Akavua kofia. Nnalongo akavuta benchi kando, na wazee wale wawili wakaegemea ukuta, huyu huku, huyu huku, yule mama akapita katikati yao.

Kazi yangu nzima niliomba njia, geti kwa geti. Ile ndiyo pekee niliyopewa kabla sijafungua mdomo.